HEMA KUBWA LA FAMILIA: TUTAZAME NINI KABLA YA KULIPA?

 Naandika kutoka Ipole, hapa kwenye njia panda ya kwenda Mpanda na kwenda Rungwa, ambako miti ya miombo ikichanua kila mtu huanza kuzungumza habari za nyuki.

Mwezi huu najibu barua moja tu, kwa sababu najua walio na swali kama hilo ni wengi. Mama aliyeandika, ambaye jina lake nalihifadhi, ni mke wa mrina asali. Wana watoto watano; mkubwa ana miaka kumi na miwili na mdogo ana miaka miwili. Mama mwenyewe ni mjamzito wa miezi minne. Kila kiangazi mume wake huingia porini kwa majuma sita. Safari hii asali imeuzwa vizuri, na baba amependekeza wanunue hema kubwa la watu wanane ili familia yote iende kambini pamoja, wasiachane tena. Hema wameshaliona dukani, ni la rangi ya bluu. Mama anauliza: je, litatutosha? Na je, ni salama kwa mtoto wangu mdogo na kwa huyu niliyembeba?

Mama, ahsante kwa barua yako. Kwanza nampongeza baba watoto. Mwanamume anayetaka kulala karibu na watoto wake badala ya kuwakimbia si wa kulaumiwa. Umeuliza maswali mawili. Nitaanza na lile la hema, kisha nitakuja kwenye lile zito.

UKUBWA: USIAMINI NAMBA ILIYOANDIKWA KWENYE MFUKO

Hema likiandikwa "watu 8", mtengenezaji amehesabu watu wazima wanane waliolazwa bega kwa bega, kila mmoja akipewa upana wa sentimita 60 hivi. Hakuhesabu magunia, ndoo, nguo, wala mtoto anayegeukageuka usiku kucha. Kwa watu wanaolala siku mbili na kurudi nyumbani, gawa namba hiyo kwa mbili. Hema la wanane ni la watu wanne au watano wenye mizigo yao.

Lakini ninyi hamwendi siku mbili. Mnakwenda majuma sita, na hayo ni makazi. Wanaowahudumia watu waliopoteza nyumba kwa vita au mafuriko wana kipimo chao: kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za mahali palipofunikwa. Hema la familia la shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, lina chumba cha mita za mraba 16 na vibaraza viwili, jumla mita za mraba 23, na limekusudiwa watu watano. Ninyi ni saba. Ukizidisha saba kwa 3.5 unapata mita za mraba 24 na nusu. Hema la dukani la watu wanane mara nyingi lina mita za mraba kumi hivi tu.

Kabla ya kutoa fedha, fanyeni jaribio hili uani, halina gharama. Muulizeni mwenye duka urefu na upana wa sakafu ya hema. Chomekeni vijiti vinne kwa vipimo hivyo na kuzungusha kamba. Tandikeni mikeka, walazeni watoto, wekeni ndoo na masanduku mtakayobeba, kisha baba na mama nanyi mlale. Mtajua ukweli kabla jua halijazama.

Aidha, msisahau kwamba mkubwa wenu ana miaka kumi na miwili. Katika umri huo mtoto anahitaji mahali pa kubadilisha nguo bila kutazamwa na wadogo zake wala na wazazi. Hema kubwa lenye chumba kimoja halimpi nafasi hiyo. Kwa sababu hii ningeshauri mahema mawili ya watu wanne kuliko moja la wanane. Moja likichanika au likiungua, lingine lipo. Na mahema mawili hugawanyika kwenye baiskeli mbili.

UZITO: FUNZO LA WAPAGAZI

Sisi wa Unyamwezi ni wajukuu wa watu waliojua habari ya mzigo. Burton na Speke walipofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwaka 1857, na Stanley alipopita mwaka 1871 akizunguka kusini kupitia Ugunda kwa kuikwepa vita ya Mirambo, mahema yao yalibebwa na wapagazi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 30 hivi, na kila kitu kilipimwa kwa kadiri hiyo. Wapagazi wenyewe hawakulala hemani. Walikata matawi na nyasi wakajenga vibanda kila jioni. Wanawake nao walikuwamo katika misafara ile, wakiwa na watoto na masufuria.

Kipimo hicho bado kinafaa. Hema la turubai zito la pamba kwa familia kubwa hupita kilo 30 kwa urahisi, na likilowa huzidi. Hema la poliesta la ukubwa huo huwa jepesi zaidi, pengine nusu ya hapo au pungufu. Kama mtafika kambini kwa gari, turubai ni zuri: hudumu miaka mingi, hupumua vizuri, na cheche ikiangukia huunguza tundu dogo badala ya kuyeyusha ukuta mzima. Kama mtafika kwa baiskeli au pikipiki, chukueni la poliesta, lakini mjue kwamba jua kali hulizeeesha upesi, kwa hiyo lisimamishwe kivulini.

Hema lolote, la pamba au la poliesta, lisikunjwe likiwa bichi. Likikunjwa na unyevu, ndani ya siku chache litaota ukungu. Turubai litaoza, na watoto wenye pumu watakohoa.

RANGI: SI JAMBO LA UREMBO

Sasa nakuja kwenye ile rangi ya bluu, na hapa naomba unisikilize vizuri. Pori letu lina mbung'o. Wataalamu wanaowanasa mbung'o hutengeneza mitego yao kwa kitambaa cha bluu na cheusi, kwa sababu wamethibitisha kwamba rangi hizo ndizo zinazowavuta. Maana yake ni kwamba mtu anayesimamisha hema la bluu katika pori la mbung'o amesimamisha mtego mkubwa na kuwalaza watoto ndani yake.

Nyuki nao hawapendi rangi za giza. Mtu aliyevaa nguo nyeusi hushambuliwa kabla ya aliyevaa nyeupe, na kila mrina asali analijua hilo. Chagueni basi hema la rangi ya mchanga, kaki iliyopauka, au kijani hafifu. Litakuwa pia na joto pungufu mchana. Hali kadhalika nguo za watoto: acheni nyumbani zile za bluu na nyeusi. Mbung'o huuma mchana, na huweza kuuma kupitia kitambaa chepesi, hivyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mikono mirefu na suruali nzito kidogo husaidia.

Mtu akirudi porini na homa isiyokwisha, kichwa kinauma, au ana uvimbe mahali alipoumwa, asiishie kupima malaria tu. Amwambie mganga waziwazi, "Nimetoka kambi ya asali, nimeumwa na mbung'o," ili damu yake itazamwe kwa darubini. Malale ya upande wetu huenda mbio, na isipotibiwa huua. Lakini ina dawa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaoweka mbele dawa ya vidonge, fexinidazole, kwa wagonjwa wa miaka sita na kuendelea wenye uzito wa kilo 20 au zaidi. Kinachochelewesha wengi ni kutosema walikotoka.

SAKAFU, MADIRISHA NA ZIPU

Hema la familia liwe na sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta, isiyo turubai la kutandikwa kando. Sababu ni nyoka, nge, siafu na papasi. Wazee wetu waliijua homa ya papasi muda mrefu kabla ya hospitali. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch aliwachunguza papasi hao katika njia za misafara za nchi hii, akaona jinsi walivyoeneza homa ya vipindi. Papasi hukaa katika vumbi na nyufa za vibanda vya zamani, huvumilia njaa muda mrefu, na hutoka usiku kunyonya damu. Kwa hiyo msisimamishe hema ndani wala kando ya kibanda kilichoachwa na warina asali wa mwaka jana, hata kama kivuli chake ni kizuri.

Madirisha yawe angalau mawili, yanayotazamana, yote yakiwa na wavu mwembamba usiopitisha mbu. Watu saba wakilala katika hema lililofungwa kote, pumzi zao hugeuka maji na kulowesha paa kwa ndani, na alfajiri blanketi huwa bichi. Mtoto akiwa na mafua hulala akikohoa, na kikohozi cha mmoja huwa cha wote. Hema liwe na kimo cha kutosha kutundika chandarua chenye dawa, kwa sababu zipu hufunguliwa mara kumi kila jioni na mbu hawabishi hodi.

Zipu ifungueni na kuifunga mara ishirini palepale dukani. Zipu ikikwama mbele ya muuzaji, porini haitatengemaa. Tazameni mishono dhidi ya mwanga. Mkiona vitobo vya mwanga, maji yatapita hapohapo. Kwenye karatasi ya hema pengine pameandikwa milimita kadhaa. Hicho ni kimo cha maji ambacho kitambaa huweza kustahimili kabla ya kuvuja. Kwa paa, 2000 na kuendelea ni nzuri. Sakafu iwe na namba kubwa zaidi, kwa kuwa hukanyagwa na kulaliwa. Hesabuni vigingi na nguzo, na muulize kama nguzo ikivunjika mtapata nyingine Tabora au hadi Dar es Salaam. Kisha lisimamisheni nyumbani na kulimwagia ndoo kumi za maji. Likivuja, lirudisheni mkiwa bado na stakabadhi mkononi.

MAHALI PA KULISIMAMISHA

Hema zuri mahali pabaya ni hasara. Likae mbali na mizinga, mita mia tatu au zaidi. Lisiwe chini ya tawi kavu, wala kando ya mbuga yenye maji, penye mbu wengi na wanyama wanaokuja kunywa. Asali na masega yasilale hemani hata usiku mmoja. Yatawaita siafu, nyuki wenyewe, na nyegere. Chakula nacho kitundikwe mbali, kwani fisi hana adabu. Fyekeni na kufagia nyasi kuzunguka hema pande zote, kwa sababu kiangazi ni wakati wa moto wa nyika. Choo kichimbwe mbali na maji mnayokunywa, na maji hayo yachemshwe.

Kabla ya yote, baba aulize ofisi ya kijiji na maofisa wa maliasili. Sehemu kubwa ya pori letu iko chini ya hifadhi ya jumuiya au ya serikali, na kibali cha kurina asali si lazima kiwe kibali cha kupeleka watoto.

JIKO LISIINGIE HEMANI KAMWE

Akina mama, hili ningeomba mlikate na kulibandika ukutani. Usiku wa Juni na Julai huku kwetu ni wa baridi, na mama mwenye mtoto mchanga hushawishika kuliingiza jiko la mkaa hemani "kidogo tu, tupate joto". Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa hutoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu. Huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu na usingizi mzito. Mtu hulala akidhani ni uchovu, na haamki. Mtoto na mimba huumia kwanza. Mkaa unaoonekana umekaribia kuzimika bado unatoa sumu hiyo, wala kufungua dirisha moja hakuondoi hatari. Mkihisi dalili hizo, tokeni wote nje mara moja, mmwite jirani, na kwenda kituo cha afya.

Pikeni nje, hatua kumi au zaidi kutoka hemani, upande ambao upepo hautasukuma cheche kwenye kitambaa. Mshumaa na kibatari visiingie pia. Taa ya sola imeshakuwa rahisi. Poliesta ikishika moto huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Mtu akiungua, mmwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini, msibandue kilichoganda kwenye ngozi, msipake mafuta wala dawa ya meno, kisha mpelekeni hospitali. Joto la usiku tafuteni kwa blanketi, soksi, na mkeka mnene chini, kwani baridi nyingi hutoka ardhini.

SASA LILE SWALI ZITO

Mama yangu, nimekueleza namna ya kuchagua hema. Lakini hema bora kuliko yote halina mkunga ndani yake.

Mjamzito wa miezi minne yuko katika wakati wa kuhudhuria kliniki. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mjamzito aonane na wahudumu mara nane. Huko ndiko unakopewa dawa ya SP ya kuzuia malaria, kila mwezi baada ya miezi mitatu ya mwanzo kupita, angalau mara tatu kabla ya kujifungua. Majuma sita porini ni kukosa dozi moja au mbili, tena mahali penye mbu. Malaria katika mimba hukausha damu ya mama na kumdhoofisha mtoto tumboni hata pale mama asipojisikia mgonjwa sana. Na ukitokwa damu usiku, au kichwa kikauma kupita kiasi na macho yakaona ukungu, au uso na mikono ikavimba, nani atakutoa huko? Pikipiki ya saa tatu katika njia ya mchanga si gari la wagonjwa.

Mtoto wa miaka miwili naye huzidiwa na malaria kwa siku moja. Asubuhi anacheza, jioni anatetemeka. Na hao wakubwa wana shule. Majuma sita yakipotea hayarudi kwa asali.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kwa msimu huu wewe na mdogo bakini nyumbani, karibu na zahanati. Wakubwa, kama baba anataka wajifunze kazi ya nyuki, na ni kazi ya heshima, waende naye juma moja katika likizo ya Juni, kama kibali kinaruhusu. Kwa safari hiyo hema moja la watu wanne la baba, na lingine kama hilo la watoto, yanatosha. Fedha itakayobaki wekeni kando kwa ajili ya kujifungua: nauli ya dharura, nguo za mtoto, na chakula chako. Mwakani, mtoto akiwa amezaliwa salama, mtazungumza upya habari ya kwenda wote.

Najua si jibu ulilotaka kulisikia, na pengine si alilotaka baba. Naye namwomba, kwa heshima, asilione kama mke wake anaikataa kambi. Kumbuka, baba, lengo lako lilikuwa familia isiachane. Majuma sita ya kuachana mkiwa wazima ni mafupi kuliko kuachana kwingine. Panga siku ya katikati ya msimu urudi nyumbani ulale siku mbili, uwaone. Zungumzeni jambo hili jioni watoto wakiwa wamelala, bila haraka, na kama mkiweza nendeni kliniki pamoja mara moja kabla ya msimu, umsikie mwenyewe mkunga.

Kuna njia nyingine pia kwa wale wanaotamani hema kubwa kwa mikutano. Vikundi vya akina mama kanisani wanaweza kuchanga na kumiliki moja la turubai, likatumika kwenye semina, misiba na harusi. Wapange tu tangu mwanzo nani hulianika, nani hulihifadhi, na anayelirudisha limechanika atalipa nini. Prisila na mumewe Akila, wenyeji wa Paulo kule Korintho, walikuwa mafundi wa mahema; hakika walijua kwamba kitambaa kisichotunzwa hakidumu, kiwe cha nani.

Mnaofikiria kununua msimu huu, someni tena sehemu ya rangi na ile ya jiko, mkamsomee na jirani asiyejua kusoma. Mwezi ujao, tukijaliwa uzima, nitajibu barua za wale walioniuliza kuhusu kumwachisha mtoto ziwa. Nawatakia amani majumbani mwenu.